Besi Kwanza, Baba

Kwaya nyingi za vigango katika milima ya Umatengo, wilayani Mbinga, zina ugonjwa mmoja: mpiga kinanda anahama. Kijana hujifunza akiwa kidato cha pili au cha tatu, vidole vyepesi, muda upo. Akifika kidato cha nne anabeba misa nzima bila kutazama mikono yake. Halafu matokeo yanatoka, anapata nafasi Songea, au Iringa, au Dar es Salaam, na kinanda kinabaki kimefunikwa kitambaa cha kufuma pembeni mwa mimbari. Mwalimu wa shule aliyekuwa anajuajua naye anahamishwa. Frateri anamaliza mwaka wake wa uchungaji, anarudi seminari. Chombo kilichonunuliwa kwa michango ya zaidi ya msimu mmoja wa kahawa kinakaa bure, na kwaya inarudi kuimba kavu.

Ndipo kwenye kikao mtu husema neno la maana: tumfundishe ambaye hatahama. Na Mbinga, asiyehama ni mwenye mibuni. Mbuni haubebeki. Unapandwa, unasubiriwa miaka, unapogolewa, unapigwa dawa, na kila ifikapo katikati ya mwaka unamwita mwenyewe shambani kwa miezi ya mavuno. Kwa hiyo kinanda kinamwangukia baba au mama wa miaka arobaini, hamsini, ambaye hajawahi kushika chombo cha muziki zaidi ya kayamba. Mijini watu wazima hujifunza gitaa kwa sababu ya ndoto ya ujanani. Huku mara nyingi mtu anaanza kwa sababu kikao kimeamua, na kwa maoni yangu hiyo ni sababu imara zaidi. Ndoto huchoka, kikao kitauliza tena Jumapili ijayo.

Mmoja wa watu hao nimemtazama akijifunza, mimi nikiwa benchi la nyuma, kwa muda wa kutosha kuacha kumwonea huruma na kuanza kumhusudu. Ni mkulima aliyepita miaka hamsini, mwimbaji wa sauti ya tatu tangu kabla hajaoa. Alikubali kwa sharti moja: mazoezi yake yafanyike saa ambayo watoto wa chama cha Utoto Mtakatifu hawapo, maana hao wangemwiga mpaka sokoni. Mwalimu wake ni kijana anayesubiri kwenda chuo, umri wa kitinda mimba wake. Kijana akiingia kanisani anaanza yeye, kama inavyopasa: "Shikamoo, baba." Mzee anajibu, "Marahaba, mwalimu." Kisha mzee anakaa kwenye kiti, na kuanzia hapo heshima inageuza upande.

"Rudia, baba."

Anarudia.

"Besi kwanza, baba. Mkono wa kulia upumzike."

Kinanda chenyewe ni cha kawaida, cha vibonyezo 61: vyeupe 36, vyeusi 25, oktavu tano. Si ogani ya mabomba kama ambavyo mtu angefikiri akisikia neno "kanisa". Ni kibodi cha plastiki juu ya miguu ya chuma iliyopishana, kina sauti za filimbi, violini na tarumbeta ambazo hakuna anayezitumia, na mapigo ya kujiendesha yenyewe ambayo mwalimu ameyapiga marufuku. Namuunga mkono. Kwaya inayofuata mapigo ya mashine huacha kumtazama kiongozi wake, na siku umeme ukikatika katikati ya wimbo wa Utukufu, kila mtu anakuwa yatima kwa wakati mmoja.

Watu husema vidole vya mtu mzima vimekufa ganzi, hasa vya mshika jembe. Usidanganywe na sugu. Huyu bwana huchuma kahawa kwa mikono hiyo hiyo: tawi moja lina tunda jekundu, la njano na la kijani yamebanana, naye anang'oa jekundu peke yake kwa gumba na kidole cha shahada, haraka, bila kuumiza ufito, huku akizungumza habari nyingine. Vidole vyake vinajua kazi ndogo ya makini. Ambacho havijawahi kutakiwa kufanya ni kazi mbili tofauti kwa wakati mmoja, kila mkono na njia yake, tena kwa mwendo ambao hauvisubiri. Tawi la kahawa husubiri. Kiitikio hakisubiri.

Kwa upande mwingine, sikio lake lilishafika zamani. Hapa ndipo naona tofauti kati ya mtoto anayeanza na mtu mzima anayeanza. Mtoto hujenga sikio na vidole pamoja. Mtu aliyeimba miaka thelathini katikati ya sauti nne, besi wakiunguruma kushoto kwake na sauti ya pili ikimpita mbele, anajua wimbo mzima kutoka ndani. Ukimpigia kipande chenye kosa katika sauti ya pili, anakunja uso kabla hajajua kosa liko wapi. Kwa hiyo mateso yake ni ya aina ya pekee: anasikia barabara kitu ambacho mikono yake haiwezi kukifanya. Asiyesikia vizuri hufurahia maendeleo yake mapema. Huyu hana raha hiyo.

Na anachokisikia kina majina: do, re, mi, fa, so, la, ti. Ukifungua majalada ya kwaya nyingi za Kikatoliki nchini utakuta mistari minne ya herufi, d r m f s l t, zikitenganishwa kwa nukta mbili kila pigo, nukta moja pigo likigawanywa, kistari sauti ikiendelea kushikwa, alama ndogo juu ya herufi kama sauti imepanda oktavu na chini yake kama imeshuka. Juu ya ukurasa, kwenye kona, kumeandikwa Do ni G, au Do ni F. Majina ya sauti yenyewe ni ya zamani sana. Mtawa Mwitalia, Guido wa Arezzo, aliyatoa mengi kati ya hayo katika karne ya 11 kwenye silabi za utenzi wa Kilatini wa Mtakatifu Yohane Mbatizaji. Herufi zilikuja baadaye: Sarah Glover, mwalimu wa Norwich huko Uingereza, alitunga mfumo wake na kuuchapa mwaka 1835, na mchungaji John Curwen akauchukua, akaurekebisha, akausambaza. Ulikuwa muziki wa watu wasio na fedha ya piano. Karatasi, penseli na koo vilitosha. Wamisionari waliubeba mpaka kusini mwa Afrika, na Enoch Sontonga alipotunga mwaka 1897 wimbo ambao sisi tuliufanya wa taifa kwa maneno ya Kiswahili, aliuandika kwa herufi hizo hizo.

Siri ya mfumo huu ni kwamba do haina makao. Kiongozi akipuliza sauti yoyote na kusema "hii ni do", kwaya nzima inahamia hapo na kila kitu kinakaa sawa, kwa sababu mwimbaji hasomi sauti, anasoma umbali kati ya sauti na sauti. Wataalamu wa usikivu wanasema kipaji cha kutambua noti peke yake, bila kuilinganisha na nyingine, hupatikana utotoni na baadaye mlango hufungwa. Kipaji cha kutambua umbali hakina umri. Kwaya zetu zote zimejengwa juu ya hicho cha pili, na ndiyo maana mkulima wa miaka hamsini anaweza kuketi mbele ya kinanda akiwa tayari amebeba nusu ya ufundi.

Nusu ya pili ndiyo yenye utata. Kinanda hakihami. Do ikiwa C, mkono unapita juu ya vibonyezo vyeupe tu. Ikiwa G, ti inadai kibonyezo kimoja cheusi. Ikiwa F, ni fa inayokidai. Wimbo ule ule ambao kooni haubadiliki unapohamishwa, mikononi unakuwa wimbo mwingine, una vilima vingine. Mzee alishangaa sana siku alipogundua hivyo. Alikaa, akautazama mkono wake wa kushoto, akauliza: "Mwalimu, kwa hiyo so ya jana si so ya leo?" Kijana akasema ndiyo hiyo hiyo, baba, ila imehamia nyumba nyingine.

Kuna kitufe cha kukwepa shida hiyo. Unapiga kila wimbo kama do ni C, kisha unakiamuru kinanda kipandishe au kishushe sauti kwa nusu toni kadhaa. Wapiga vinanda wengi wa vigango wanaishi kwa kitufe hicho, na wapo wanaokilaani. Mimi sioni dhambi. Padre akianzisha sala kwa sauti yake mwenyewe, kitufe kimeokoa misa nyingi. Lakini nimeona pia kinachotokea kwa mtu aliyekulia hapo. Siku akipewa chombo kingine, kisicho na kitufe, anakuwa mgeni kabisa. Kijana wetu alikubali njia ya kati: nyimbo mpya kwa kitufe, nyimbo za zamani ambazo mzee anaziimba hata usingizini apige mahali zilipoandikwa. Naona busara kubwa katika mgawanyo huo, maana sikio linapokuwa na uhakika, mkono unaweza kuruhusiwa kupotea.

Sasa njoo tukitazame kipande kimoja kidogo, kile cha mwisho wa karibu kila kiitikio: so kwenda do. Masikioni ni kitu cha kawaida kama kufunga mlango. Mikononi ni hivi. Do ni C. Sauti ya kwanza iko kwenye ti, inakwenda do ya juu. Sauti ya pili iko kwenye fa, inakwenda mi. Zote mbili ziko mkono wa kulia: gumba kwenye fa, kidole cha nne kwenye ti. Gumba linashuka nusu toni, na kwa upande wa pili kidole kidogo kinapokea do, nusu toni juu ya ti. Mkono unafunguka kidogo tu, pande zote mbili kwa kipimo kile kile, na ule mkwaruzo uliokuwa kati ya fa na ti unayeyuka. Harakati nzima haizidi upana wa kibonyezo kimoja cheupe kila upande. Kushoto, sauti ya tatu iko kwenye re, gumba linaishusha mpaka do, hatua moja. Lakini besi! Kidole kidogo cha kushoto kiko kwenye so na kinapaswa kutua do iliyo chini, vibonyezo vinne vyeupe mbali, bila kutazamwa, kwa sababu macho yako kwenye karatasi au kwa kiongozi. Sauti tatu zinatambaa, moja inaruka. Na ile inayoruka ndiyo iliyobeba nyumba.

Ndiyo maana ya "besi kwanza". Kwa majuma mzee alipiga mkono wa kushoto peke yake huku akiimba sauti yake ya tatu kwa mdomo. Kijana hakumwambia afanye hivyo. Alianza mwenyewe, kwa mazoea, na mwalimu akaona ni jambo zuri akaliacha. Mtoto hana uwezo huo. Kisha akaongeza gumba. Kisha mkono wa kulia ukaja, sauti ya kwanza tu, na kila kitu kikavunjika upya, besi ikaanza kwenda mwendo wa sauti ya kwanza kana kwamba haijawahi kufundishwa. Hili linawavunja moyo wengi na nadhani ndipo watu wazima wengi huacha. Mwalimu mzuri haongei sana wakati huo. Huyu kijana alikuwa anapunguza tu mwendo, polepole mpaka wimbo wa furaha ukawa wa mazishi, na katika mwendo huo wa mazishi mikono miwili ilikubaliana.

Umeme ukiwa haupo, mzee hupiga mezani. Nilidhani ni kujifariji, lakini vidole vilikuwa kwenye nafasi zake kamili, kidole kidogo cha kushoto kikiruka na kutua. Mkewe anasema humsikia akigonga ukingo wa kitanda. Na mambo mengine huingia bila jitihada: kipande kilichomshinda Jumatano jioni, Alhamisi alfajiri kimelainika. Watafiti wa ubongo wamelipima jambo hilo maabarani. Mfuatano wa vidole uliofanyiwa mazoezi jioni huchezwa haraka na kwa usahihi zaidi baada ya usingizi, hata bila mazoezi mengine katikati. Kwa mkulima aliyechoka hiyo ni habari njema kuliko nyingi.

Mavuno ya kahawa ndiyo adui halisi. Kuanzia katikati ya mwaka kuna kuchuma, kukoboa kwa mashine ya mkono, kuosha, kuanika kwenye vichanja na kukimbia kufunika mvua ya ghafla ikitisha, na kupeleka kwenye chama cha msingi. Kinanda kinasubiri. Anaporudi mikono imekuwa mizito, lakini besi ya nyimbo zile za kwanza haikuondoka.

Wenye kudhani kwamba mtu mzima kujifunza chombo kipya ni jambo la kisasa wateremke mpaka Ziwa Nyasa. Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay ni kilomita 66, na inakutoa kwenye baridi ya mibuni ikakutua kwenye joto la mihogo na dagaa. Kaskazini zaidi ufukweni iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen kwa sababu ya jiwe lake kubwa la Pomonda. Hapo, Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ikiwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Vita vile vya Kwanza vya Dunia viliwachukua wanaume wa pande zote za ziwa kuwa askari na wapagazi. Walisikia bendi za jeshi, tarumbeta na ngoma kubwa, wakaona gwaride. Ngoma ya beni, iliyokwisha kuzaliwa pwani kabla ya vita kwa kuiga bendi kama hizo, ikaenea bara, na kutoka humo zikazaliwa mganda, na ng'ambo kule Malawi malipenga. Mwanahistoria Terence Ranger aliandika kitabu kizima juu ya beni mwaka 1975.

Kinachonivutia mimi ni tarumbeta. Shaba hawakuwa nayo. Wakachukua kibuyu, wakakikata, wakatoboa tundu na kubandika juu yake utando mwembamba, ule wa kifuko cha mayai ya buibui, na mtu akiimba ndani yake sauti inatoka ikiwa na mkwaruzo wa shaba. Hawa hawakuwa watoto. Walikuwa wanaume waliokwisha kubeba mizigo na bunduki, waliojifunza chombo ambacho iliwalazimu kwanza wakibuni. Na waliweza kwa sababu kibuyu kile hakimdai mtu vidole. Kinachukua wimbo ulioko kooni tayari na kuuvika koti. Huo ni ufundi wa akili nyingi. Mganda bado unachezwa ukanda ule, mistari imenyooka, hatua za gwaride.

Mapigo yale yalipanda mlima na kuingia kanisani, ingawa si bila ubishi. Padre Stephen Mbunga, mmoja wa Watanzania wa kwanza kutunga misa kwa ladha ya kwetu, alichapisha mwaka 1963 kitabu kuhusu sheria za Kanisa na muziki wa Kibantu, na Desemba mwaka huo huo Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukapitisha hati ya liturujia iliyofungulia mlango muziki wa mataifa. Leo mpiga kinanda wa Mbinga hana budi kukaa pamoja na ngoma mbili na kayamba, na hapo ndipo nilipomwona mzee akimpita mwalimu wake kwa mara ya kwanza. Kijana hupiga kila noti iliyoandikwa. Mzee hawezi kuzifikia zote, hivyo anaacha zile ambazo ngoma inazisema tayari. Besi yake inatua kwenye pigo la ngoma kubwa, inanyamaza, inatua tena. Waimbaji wanapata nafasi ya kupumua. Upungufu wa vidole umemfanya achague, na amechagua vizuri kwa sababu amecheza ngoma hizo maisha yake yote. Mwalimu alisikiliza, akaniangalia, akasema kwa sauti ya chini, "Hiyo sijamfundisha."

Sasa anapiga nyimbo mbili au tatu kila Dominika, aghalabu ya sadaka na ya shukrani, nyingine zinaimbwa kavu. Hakosi kukosea. Akikosa mkono wa kulia, anauondoa na kuendelea na besi mpaka apate mahali pa kurudi, na wengi kwenye mabenchi hawagundui. Hiyo nayo ni faida ya kuanza na besi.

Kwa ajili ya Pasaka kwaya ilichagua wimbo ulioandikwa Do ni A-flati: vibonyezo vyeusi vinne, na sauti ya kwanza inapanda mahali pa kutisha kwenye aleluya ya mwisho. Mzee aliukazania, akaja na ombi.

"Mwalimu, tuupige G."

"Baba, mtunzi ameandika A-flati."

"Mtunzi hatakuwepo."

Akina mama wa sauti ya kwanza, ambao ile noti ya juu ilikuwa imewatesa tangu Kwaresima ianze, walidakia kabla kijana hajajibu. Nusu toni tu, walisema, nani atajua? Ikapigwa kura ya mikono. Kijana akachukua penseli, akafuta kwenye kona ya karatasi, akaandika Do ni G, na pembeni kwa herufi ndogo akaongeza: mwaka huu tu.